Laetitia Mapenzi Lukumani, Aliyewapa Wanawake wa Luama na Lualaba Mtu wa Kuwaitikia

Ndugu wafiwa, jamaa wa Kasongo, jamaa mlioshuka kwenye moto, hizi pikipiki zetu, kutoka Kabambare na Wamaza mkiwa wekundu kwa vumbi, na ninyi mapadri na mashehe mlioketi leo benchi moja, familia ya Mzee Lukumani na familia ya Mzee Faradji zimemtuma mama mdogo wa marehemu, Anastasie, awasomee maisha ya binti yetu, na zimemwomba asizidishe chumvi, naye amekubali kuweka ile ya kutosha mboga tu.

Laetitia Mapenzi alizaliwa Wamaza, teritware ya Kabambare, tarehe 14 Machi 1984, mtoto wa tatu wa mwalimu Pierre Lukumani na mama Sidonie, wote wawili wametangulia, na tangu udogoni alijulikana kwa mdomo, alianza kusema kabla ya kutembea, na wako wanaoapa kwamba alichelewa kutembea kwa kuogopa kukatiza maneno. Mama yake alikuwa mchoma samaki wa mto Luama, na samaki wakiwa juu ya moshi wanawake hukaa chini wakatoa hadisi, mmoja anaita, mwingine anaitikia, na huyu mtoto alilelewa katikati ya kuita na kuitikia, kumbukeni neno hilo maana ndilo lililomsumbua baadaye.

Alisoma shule ya msingi hapo Wamaza kuanzia 1990, akaja Kasongo kwa sekondari mwezi wa Septemba 1996, vita ikamkatiza, familia ikaishi porini upande wa Lusangi, wakala mizizi ambayo hata nguruwe angeuliza ni nini, na amani iliporudi akarudi darasani akiwa mkubwa kuliko wenzake wote, akapata diploma ya Serikali mwezi wa Julai 2006, kisha akaenda Kindu kusoma informatiki, elimu ya kompyuta, miaka mitatu.

Kindu ndiko alikokutana na Djamali, mwana wa Mzee Faradji, mfanyabiashara wa vitambaa wa hapa Kasongo, ambaye simu yake ilikufa, Laetitia akaitengeneza, ikafa tena wiki ileile, na simu ya mtu mwenye akili timamu ilipokufa mara ya nne katika mwezi mmoja, watu wakaelewa kwamba mgonjwa si simu. Walifunga ndoa mbele ya Serikali, Kasongo, Jumamosi tarehe 22 Agosti 2009, kila mmoja akibaki na dini yake, na Mungu aliwabariki watoto watatu, Aicha aliyezaliwa tarehe 19 Juni 2010, na wale waliokuwa wakihesabu miezi kwa vidole leo waone haya, Faradji tarehe 7 Novemba 2013, na Emmanuella tarehe 30 Januari 2017, majina yaliyopimwa kwenye mizani ili nyumba isiegemee upande mmoja.

Lakini nyumba iliegemea, na kuficha jambo ambalo mtaa mzima unalijua ni kumdanganya marehemu. Mama Mwanvua, mama mzazi wa Djamali, alikuwa amekwisha kumchagulia mwanawe msichana wa hapa mtaani, vitenge vya harusi vimenunuliwa, vimekunjwa, vimewekwa sandukuni, ndipo akaletewa binti wa Luama anayenuka moshi wa samaki na kuvaa msalaba. Hakutukana, hakupiga kelele, yeye alinyamaza tu. Kila asubuhi Laetitia alipiga magoti mlangoni akamsalimia, na kila asubuhi mama alitazama kuku. Wanawake wengine wangerudi kwao baada ya mwezi, huyu akaendelea kusalimia, na akawaambia dada zake jambo moja tu, kwamba hataki kufa akiwa mgeni katika nyumba ile.

Mwaka 2010 alifungua sekretariati karibu na soko, ya kupiga barua na kuchaji simu kwa jua, na hapo ndipo wanawake wa kwenye beach, bandari ya mtoni, ya Kasongo-Rive walipokuwa wakileta simu za waume zao, wakikaa chini kungojea, wakisema, na Laetitia akisikiliza alipata wazo kwamba maneno haya mazuri yanapotea bure. Mwaka 2018 shirika moja lilimpa simu na vinasa sauti, akaanza kutengeneza jukwaa la hadisi za wanawake wa mitoni ndani ya simu. Kwa asiyejua kusoma aliondoa maandishi yote akaweka picha, kasia, kikapu, chungu. Kwa asiye na simu aliweka simu moja katika kila bandari, mkononi mwa mwanamke waliyemchagua wenyewe. Kwa asiyetaka uso wake uonekane na wanaume, hapakuwa na uso wa mtu yeyote. Na kwa kuwa mtandao huko Luama ni kama mvua ya Julai, hadisi zilisafiri ndani ya kadi ndogo ya simu, iliyofichwa katika pakiti ya chumvi, kwenye moto.

Basi tarehe 9 Aprili 2019 alifungua chumba cha kurekodi nyuma ya sekretariati, akabandika magodoro ukutani, akafunga dirisha, kwa sababu Kindu alifundishwa kwamba kelele ni uchafu, na kila mwanamke aliingia peke yake na kinasa sauti. Mwanamke alikaa, akaita, "Hadisi!", akangojea. Akaita tena, akangojea. Kisha akatoka nje na kufunga kitambaa chake kichwani vizuri, akaenda zake. Laetitia alidhani ni haya, akanunua sukari, akapika chai, wakanywa chai, wakaingia, wakaita, wakatoka. Binti aliyelelewa kwenye moshi wa samaki wa Luama alikuwa amesahau kwamba hadisi haitoki mpaka mtu aseme "Ikuye!", na kwamba ukiitoa bila mwitikiaji, wanaobaki kuisikiliza ni wale walio chini ya udongo.

Sokoni hawakungojea maelezo, na wengi mlioko hapa mlichangia, tunawajua. Ilisemwa kwamba bibi wa Djamali anafungia wanawake chumbani waongee na wafu, kwamba magodoro ni ya kuzuia vilio, kwamba simu zikijaa atazipeleka Ulaya. Bandari zikarudisha simu moja moja. Neno lilipofika kwa Mama Mwanvua alikuwa tayari kulipokea, akawaita wazee wa familia waketi siku ya Jumapili, wamwambie Djamali amrudishe huyu mwanamke Wamaza, na ili asiende kwenye kikao mikono mitupu, siku ya Ijumaa alasiri alikwenda mwenyewe sekretariati kumkamata na wafu wake.

Alimkuta Laetitia amejifungia, anajaribu mashine na hadisi ya mama yake Sidonie. Mama Mwanvua akaweka sikio mlangoni. Akasikia, "Hadisi!", kisha kimya. Akasikia tena, "Hadisi!", kisha kimya. Mara ya tatu sauti ilitoka ndogo, ya mtoto anayeita mama yake asiyekuwepo, na Mama Mwanvua, aliyelelewa vizuri na mama yake pale mtaani, alishindwa kuacha mwito wa mtu uning'inie hewani, akaitikia nyuma ya mlango, "Ikuye!" Na ukiitikia mwanzo huwezi kukimbia katikati, basi alisimama pale na vikuku vyake, anasema eeh, na kisha, na kisha, mpaka hadisi ikaisha, na mlango ulipofunguliwa walitazamana, na mama akasema:

"Nimeitikia hadisi. Weye sikukuitikia."

Laetitia akajibu, "Asante, mama. Hadisi imesikia."

Kikao cha Jumapili hakikufanyika, ilisemwa kwamba mama anaumwa magoti. Na jioni ile ya Ijumaa Laetitia aliposikiliza alichonasa, alielewa kosa lake lote, aling'oa magodoro, akafungua dirisha, akaamuru wanawake waingie wawili wawili, watatu, na watoto mgongoni na michi ya jirani ikitwanga. Mwanamke wa Kabambare aliyekosa mwenzake aliita na kuacha nafasi, kadi ikaja na chumvi yake mpaka Kasongo-Rive, mwanamke wa huku akaijaza nafasi ile, na wawili ambao hawakuwahi kuonana wakawa na hadisi moja. Olga wa Kabambare, ambaye tangu kuzaliwa hana sauti, na ambaye hakuna mradi uliowahi kumwita kwa jambo lolote, aliitikia kwa kugonga tako la beseni, na leo anaitikia kuliko sisi wote wenye midomo. Jukwaa lilikuwa na jina refu la Kifaransa, wanawake walilitupa, wakaliita Itikia.

Ila msidhani Mama Mwanvua alilegea. Salamu ya asubuhi iliendelea kukosa jibu, yeye alisema na mkwe wake kwa hadisi tu, sombe, majani ya muhogo, ikikosa chumvi tulisikia habari ya sungura aliyepikia wageni majani ya bure, watoto wakichelewa kuoga tulisikia habari ya fisi, na Laetitia aliitikia zote, akaongeza chumvi. Hivyo ndivyo walivyoishi, wakapendana bila kukubali.

Mwezi wa Septemba 2023 alianza kuugua ini, akatibiwa hospitali hapa Kasongo, akapelekwa Kindu tarehe 12 Februari 2024, akarudi na nafuu, akagawa kazi ya Itikia kwa wanawake wa bandari zenyewe, Olga akapewa kadi zote za Luama. Kuanzia Machi mwaka huu 2025 hakuinuka tena. Mama Mwanvua alileta uji kila siku, akakaa kando ya kitanda, akatoa hadisi, lakini salamu hakuitoa, alikuwa amezoea kuchelewa. Laetitia alitutoka Jumapili tarehe 11 Mei 2025, saa nne ya asubuhi, akiwa na miaka arobaini na mmoja.

Mnajua kilichofuata, maana kelele zilifika mpaka barabarani. Jamaa wa Wamaza walidai mwili urudi Luama kwa mama yake, wazee wa huku wakasema sawa, dini si moja, na apelekwe kwao, na gari lilikwisha kutafutwa. Ndipo Mama Mwanvua aliingia katika kikao cha wanaume, hakuomba neno, akasema:

"Miaka yote uyu mutoto alinisalimia, miye nikanyamaza. Munamupeleka Wamaza, miye nitafika na miguu gani? Azikwe hapa, pahali naweza kutembea, nikamusalimie na miye."

Kaka mkubwa wa marehemu, aliyekuja na jamaa wa Wamaza, alisimama, akamshika mama yule mkono, gari likaambiwa lirudi. Atazikwa leo katika makaburi ya parokia, hapo juu, si mbali na nyumba ya Djamali.

Familia zinawashukuru madaktari na wauguzi wa Kasongo na wa Kindu waliohangaika naye mpaka dawa zikachoka, majirani waliopika, hata wale waliopika huku wakisema, wanawake wa bandari zote za Lualaba na Luama, waendesha moto waliobeba chumvi wasiyoionja, na mapadri na mashehe kwa benchi lile.

Laetitia, umepata ulichokitaka, hukufa mgeni, unalala Kasongo, nyumbani kwako, na mama yako Mwanvua amesema hivyo mbele ya wanaume, pumzika kwa amani.