Kichwa Kisichotoka Damu

Mheshimiwa Chifu wa Gombolola, Baba Padri, Bwana Ikiring, daktari unayehamishwa kutoka zahanati yetu, wazee wetu, na ninyi mliotembea toka Petta na Lumino, hamjambo? Mimi ni Athieno, mke wa Odoi wa hapa Kirewa. Naongea Kiswahili ili Mteso, Msamia na Mjopadhola tusikilizane.

Bwana Ikiring, wewe ni mtu wa maswali mpaka wagonjwa wengine wanakukwepa njiani. Lakini mwaka wa hamsini na tatu maswali hayo yaliniachia mume.

Odoi alianguka kutoka paa la kanisa akiezeka. Aliinuka, akacheka, akaenda kukaa na wenzake kwenye chungu cha pombe. Hata mrija wa kunywea hajaushika vizuri, akaanza kutapika na ulimi ukawa mzito. Watu wakasema amelewa, wakamlaza kivulini. Nani angewalaumu? Kichwa kinachotoka damu tunakikimbilia na kitambaa. Kile ambacho damu inavujia ndani, tunakicheka.

Bwana Ikiring alikuwa anapita na baiskeli. Alipiga magoti, akamuuliza jina lake, akamuuliza yuko wapi. Odoi akajibu yuko kwa marehemu mama yake. Akaambiwa abane vidole vya daktari kwa mikono yote miwili; wa kushoto haukuwa na nguvu. Akamulikwa tochi machoni: mboni ya kushoto ikajifinya, ya kulia ikabaki wazi vilevile.

Akatuambia, "Huyu hakulewa. Mkimwacha alale, hataamka."

Lori la pamba likampeleka hospitali ya Mbale, wakamtoboa fuvu, damu ikatoka, akaishi. Asante, Bwana Ikiring. Nakushukuru mbele ya watu wote hawa, na moyo wangu unauma kwamba unaondoka.

Ila aliyerudi si Odoi yule wa zamani. Anasahau. Kelele zinamkasirisha. Anauliza jambo lile lile tena na tena, nanyi mnasema ni pombe, ambayo hajaionja tangu siku ile. Mwezi uliopita kikundi cha kulima kilimtoa. Je, angevunjika mguu, mngemfukuza kwa kuchechemea?

Mzee Okware, kikundi ni chako, na ninakuheshimu. Jumatatu atakuja shambani na jembe. Akikuuliza mstari wake ni upi, mwonyeshe. Akiuliza tena, mwonyeshe tena.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Nimemaliza, lakini sikai chini mpaka Mzee Okware anijibu.