Kiti cha Sista Evarista Kando ya Kitanda

Miaka thelathini na mmoja Sista Evarista amevaa gauni jeupe katika wodi yetu, na tarehe 30 Juni 1997 analivua. Nimeombwa kuandika maneno ya kumuaga mimi Stara, mhudumu wa usafi, kwa kuwa nimemwona kuliko ninyi nyote. Shule niliishia la tatu. Atakayecheka mwandiko aje adeki yeye.

Alikuja 1966, mwembamba kama mti wa dripu. Sasa si mwembamba. Kazi aliijua, ila ndugu wa wagonjwa hakuwataka. Moyo wa mgonjwa ukisimama, kwanza ndugu watoke, ndipo akandamize kifua. Mlango nililinda mimi kwa dekio, na sikumwonea mtu haya.

Mwaka 1994 akafariki Mzee Swalihu wa Kondoa. Mkewe, Bi Zuleha, alibisha hodi muda wote, tukamzuia. Tulipofungua hakulia. Aliuliza tu nani amemtamkia mumewe shahada sikioni. Sista, Mkristo wa watu, shahada haijui. Mimi Mwislamu ninayeijua nilikuwa mlangoni, namfungia yeye.

Wiki ile ile Sista akaweka kigoda upande wa kichwani: ndugu mmoja akae, aombe, ashike mkono, vifaa asiguse. Manesi wakagawanyika. Debora alisema ndugu wakituona tunavyohangaika hawatadhani tumemwacha mgonjwa wao afe. Anyitike alisema watatulilia masikioni tukosee dawa.

Ndugu wa kwanza kukikalia, askari Ulimboka, mwili kama gunia la mtama, alizimia akaanguka chini. Anyitike akamuuliza Debora, "Haya dada, na huyu naye tumkandamize?" Mama yake Ulimboka, ndiye mgonjwa tuliyekuwa tunamkandamiza, alizinduka siku hiyo hiyo, na anacheka mpaka leo.

Kesho yake Sista alileta kiti chake cha ofisini, chenye mikono, kizuie watu kuanguka. Kigoda amekikalia yeye ofisini miaka mitatu, mgongo ukimuuma. Wagonjwa wamekufa bado, nisiwadanganye. Lakini swali la Bi Zuleha hatujaulizwa tena.

Sasa nasikia mnanong'ona kwamba Sista akiondoka kiti kirudi ofisini. Hakirudi! Zawadi tuliyomwandalia ni kiti kipya cha kwenda nacho kwake kijijini Zuzu, na aliyekwenda kwa fundi kukiagiza ni Anyitike, jeuri yote imemwisha.

Ahsante, Sista. Nenda ukaegemee sasa, Mungu akupe siha na usingizi mzuri. Mlango usiuhofie: bado nausimamia mimi, na safari hii atakayewafungia ndugu ndiye atakayelijua dekio langu.