Sweta la Kushukia

Fundi: Haloo! Mashoto? Ni wewe?

Mama Pacha: Haloo —

Fundi: Nani mwenzangu?

Mama Pacha: Ni mimi, wifi. Mama Pacha.

Fundi: Aa. Nimeona jina la mumeo kwenye kioo, nikadhani... Basi tu. Hamjambo?

Mama Pacha: Hatujambo. Lakini wifi, simu haijamaliza mlio wa kwanza umeshapokea!

Fundi: Ilikuwa mkononi. Nilikuwa naangalia saa.

Mama Pacha: Si una saa ya ukutani hapo dukani, kubwa kama sinia?

Fundi: Imeisha betri. Umenipigia kuniuliza habari za saa? Nina nguo za watu hapa, mashine imewaka. Na kwa nini unatumia simu ya mdogo wangu, yako imekufa?

Mama Pacha: Yangu haina salio. Yake nayo inalo la kuokoteza, kwa hiyo nisikilize haraka. Nataka ushauri wa ufundi. Hivi mtu akiwa na sweta la kuvalia kichwani —

Fundi: Haloo? Wifi, unakatika!

Mama Pacha: Wifi zote hukatika, ya mtandao na ya ndoa. Unanisikia sasa?

Fundi: Sasa ndiyo. Sema.

Mama Pacha: Mtu ana sweta la kuvalia kichwani, zito, lina manyoya kwa ndani. Anataka lipasuliwe mbele, litiwe zipu. Mkasi unaanzia juu au chini?

Fundi: Ushike mkasi wewe? Wewe uliyekata pazia likatoka leso? Sweta la nani?

Mama Pacha: La jirani.

Fundi: Jirani gani?

Mama Pacha: Humjui. Amehamia juzi.

Fundi: Lina maandishi kifuani? Maana kama yamebandikwa kwa moto, ukipitisha zipu katikati yatabanduka kama ngozi ya kitunguu.

Mama Pacha: Hapana, maandishi hakuna. Kuna kibaiskeli tu, kimedariziwa kwa uzi wa —

Fundi: Wa machungwa.

Mama Pacha: Wa machungwa, ndiyo.

Fundi: Na nyuma ni refu kuliko mbele.

Mama Pacha: Wifi, usi—

Fundi: Mama Pacha! Hilo ni sweta langu! Nimelikata kwa mikono yangu hii, nimelishona na macho yameniuma, leo unataka kulipasua kama samaki? Ana nini huyo? Amenenepa? Tumbo limegoma kupita?

Mama Pacha: Hajanenepa.

Fundi: Amenenepa! Mtu akishuka kwenye baiskeli anakula mkate mzima, halafu anasema anarudisha nguvu. Nguvu gani hizo zinazorudi zote kiunoni?

Mama Pacha: Punguza sauti, amelala chumba cha pili.

Fundi: Amelala? Jua lote hili? Siku ya mapumziko, wenzake wako barabarani wamebanwa mapaja, yeye amelala?

Mama Pacha: Ndiyo, kachoka.

Fundi: Mwanamke wewe hujui kudanganya, usijifunze ukubwani. Mdogo wangu ana nini?

Mama Pacha: [anashusha pumzi] Aliniapisha nisikwambie.

Fundi: Basi usiniambie. Mimi nitakuwa naotea, wewe nyamaza nikikosea. Anaumwa.

Mama Pacha: Ameanguka. Amevunjika mtulinga, mfupa huu wa juu ya kifua. Wa kushoto.

Fundi: Wa kushoto! Mungu wangu. Mkono wake wa kazi! Lini? Gari? Nilisema mimi, ipo siku atagongwa na —

Mama Pacha: Hajagongwa na kitu.

Fundi: Baiskeli imemtupa?

Mama Pacha: Hakuwa hata juu ya baiskeli, wifi. Alishashuka.

Fundi: Alishashuka vipi?

Mama Pacha: Si unavijua vile viatu vyao, vina chuma chini, mtu anatembea kama bata? Aliteremka mlima, akaiegesha baiskeli salama salimini, akaingia duka la dawa kununua mafuta ya kuchua misuli. Sakafu ya vigae, imetoka kupigwa deki. Hatua ya kwanza tu, puu!

Fundi: [kicheko] Loo! [kicheko kirefu] Mama yangu we! Ameshuka mlima wote ule salama, akaja kuangushwa na —

Mama Pacha: Usicheke!

Fundi: Sicheki. [kicheko] Sicheki, nalia. Kumbe alianguka akiwa anafuata dawa ya kuchua!

Mama Pacha: Na mafuta hakuyanunua. Sasa kuna kibaya zaidi. Wenzake wa kikundi amewaambia ni lori.

Fundi: Lori!

Mama Pacha: Limembana kwenye kona, eti akaruka, nalo likapita. Jana lilikuwa lori, leo asubuhi nimemsikia kwenye simu, limeshaota trela. Na hao wenzake wanakuja mchana huu kumpa pole. Wote. Wanataka kupiga naye picha.

Fundi: Basi waje, tatizo liko wapi? Mvalishe akae kwenye kochi, asimulie uongo wake.

Mama Pacha: Nimvalishe nini? Ndiyo nakupigia! Mkono umefungwa kifuani, hauinuki. Kila nguo aliyonayo inapita kichwani. Jezi aliyoanguka nayo waliikata kwa mkasi hospitali. Mashati ya vifungo alishayagawa yote, anasema mwendesha baiskeli havai vifungo, vinashika upepo.

Fundi: Kwa hiyo sasa hivi yuko uchi?

Mama Pacha: Si uchi kabisa.

Fundi: Mama Pacha. Amevaa nini huyo mtoto?

Mama Pacha: Gauni langu la kulalia. La vifungo mbele.

Fundi: Lile la maua?

Mama Pacha: Lile la maua.

Fundi: [mlio wa kitu kuanguka] Nimeangusha kopo la vifungo, subiri. [kicheko] Shujaa aliyeruka lori! Kwenye maua!

Mama Pacha: Cheka, maliza. Mimi ndiye ninayeishi naye.

Fundi: Sikiliza. Usiguse mkasi. Nina masweta matatu hapa ya zipu mbele, nimewashonea wateja wa baiskeli, hawajaja kuchukua. Masweta ya kushukia, mwenyewe ndivyo ninavyoyaita. Mtu akishuka amelowa jasho anavaa hilo, anakuwa binadamu tena mbele za watu. Kuna la kijivu, pamba tupu, pana mabegani, halimbani mtu. Namtuma mtu wa bodaboda sasa hivi.

Mama Pacha: Hataki.

Fundi: Hajaliona!

Mama Pacha: Nimeshamletea mengine mawili kutoka sokoni, mazuri tu, ya zipu. La kwanza anasema kitambaa kinatoa cheche. La pili anasema likifuliwa mara moja litakuwa la mmoja wa pacha. Anataka lake. Na nikimwambia basi tulipasue lake, anasema bora azikwe na gauni.

Fundi: Kichwa maji huyo.

Mama Pacha: Ndiyo nikataka nilikate akiwa usingizini, akiamka akute limeshakuwa la zipu. Atanuna, atavaa.

Fundi: Ukilikata wewe atavaa mapazia. Hebu niambie kwanza, lina hali gani? Mwaka mzima, hamjaliharibu? Umekuwa ukilifua kwa maji gani?

Mama Pacha: Mimi?

Fundi: Maana nawajua. Maji ya moto, sabuni kijiko kizima, halafu unaling'ang'aniza na vibanio mabegani kwenye jua kali, linaota pembe.

Mama Pacha: Wifi, mimi sijawahi kulifua.

Fundi: Halijafuliwa mwaka mzima?

Mama Pacha: Analifua mwenyewe. Sahani hajui kuosha, lakini hilo sweta analigeuza ndani nje, maji baridi, analikamua kwa kulikunja kwenye taulo. Halianiki kwenye kamba, analilaza kivulini juu ya meza. Siku hiyo tunakula sakafuni. Nikiligusa anapiga kelele mtaa mzima unasikia.

Fundi: [kimya]

Mama Pacha: Haloo? Wifi? Umekatika?

Fundi: Nipo.

Mama Pacha: Nikadhani mtandao.

Fundi: Ni uzi. Umeniingia jichoni. Hukumwambia limetoka kwangu?

Mama Pacha: Ulinikataza. Nilimwambia nimelinunua sokoni. Naye hakuuliza soko gani.

Fundi: Afadhali. Angejua asingelivaa. Si unajua alivyoondoka hapa dukani siku ile, hajarudi wala kupiga simu.

Mama Pacha: Nawe ulimwambia neno gani, wifi, mbele ya wateja wote.

Fundi: Nilisema tu afadhali angekuja uchi, tungejua moja! Si utani? Amenitokea mlangoni na kile kinguo cha baiskeli cha kubana, kila kitu kinajionyesha, nina mama mchungaji ndani anapimwa gauni! Watu wakacheka. Sikujua atalichukua hivyo. Neno dogo tu lile, tangu utotoni tunataniana.

Mama Pacha: Siku hiyo alikuwa anakuletea habari. Amekuwa wa tatu kwenye mashindano. Alitoka kwenye mstari wa kumalizia akaja moja kwa moja kwako, hata nyumbani hajafika.

Fundi: Hilo hukuniambia.

Mama Pacha: Hukuuliza. Nanyi wawili mmenifanya kituo cha basi, kila mtu anapitia kwangu hakuna anayefika.

Fundi: Wa tatu?

Mama Pacha: Wa tatu. Wifi, salio hili linanipigia mlio sikioni. Niambie, mkasi juu au chini?

Fundi: Weka mkasi chini! Nakuja mwenyewe. Nina zipu ya chuma hapa, rangi inakwenda. Wachelewesheni hao wenzake mlangoni. Na kile kimfuko cha ubavuni, nilikiweka kushoto kwa ajili ya mkono wake, mwambie nitakiham—

Mama Pacha: Haloo? Haloo? Limekwisha. [anasonya]

[Simu inaita. Inaita tena.]

Fundi: Haloo, Mama Pacha, nimekupigia mimi. Nilikuwa nasema, kile kimfuko nitakihamishia kulia, maana wa kushoto hautafanya kazi mpaka —

Mashoto: Usikihamishe.

Fundi: Mashoto?

Mashoto: Zipu tia. Kimfuko kiache hapo hapo.

Fundi: Nilidhani umelala.

Mashoto: Na kicheko chako hicho? Nimekisikia simu ikiwa chumba cha pili, nikaja kuichukua.

Fundi: Kwa hiyo ulijua ni mimi niliyelishona. Tangu lini?

Mashoto: Tangu nilipolivaa nikatia mkono mfukoni. Sokoni nani atamshonea mtu mfuko kushoto?

Fundi: Mwaka mzima, Mashoto! Umeshindwa kupiga simu?

Mashoto: Nilikuwa nakusubiri wewe.

Fundi: Na mimi nilikuwa — mjinga wewe. Wa tatu, na hukuniambia.

Mashoto: Ungecheka.

Fundi: Ningecheka, halafu ningefunga duka. Bega linauma?

Mashoto: Nikicheka.

Fundi: Basi usicheke, nafunga duka. Umevaa nini hapo?

Mashoto: Dada, tafadhali.

Fundi: Sema mwenyewe, nisikie.

Mashoto: ...Gauni.

Fundi: La nini?

Mashoto: La maua. Njoo upesi, dada. Kengele za baiskeli nazisikia kwenye kona.