Verna Niemi na Maji Yaliyolala

Wapendwa waombolezaji, naitwa Arvid, mdogo wake marehemu, na familia za Lahti na Niemi zimenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mtu ambaye hakuwahi kukalia kiti mpaka kikapata joto.

Verna Lahti Niemi alizaliwa tarehe 9 Februari 1951 mjini Virginia, Minnesota, akiwa binti wa pili wa mchimba chuma Eino Lahti na mkewe Saima, akasoma hapohapo hadi sekondari, kisha akaja chuo kikuu hapa Duluth, akahitimu elimu ya vimelea mwezi Juni 1973, na mwaka huohuo akaajiriwa na kiwanda cha siagi kupima maziwa.

Tarehe 16 Agosti 1975 alifunga ndoa na Wendell Niemi, fundi wa mitambo ya meli, wakajaliwa Karin na Toivo, watoto waliokua wakijua kwamba hotelini hakuna kuoga mpaka mama aingie bafuni peke yake, afungulie maji ya moto, atoke mbio na kufunga mlango, wao wakisubiri nje na taulo mabegani.

Hofu hiyo ilikuwa na chanzo. Mwezi Mei 1983 dada yetu mkubwa, Elina, alirudi kutoka harusini, alikolala katika hoteli iliyokuwa ndiyo kwanza imefunguliwa baada ya kufungwa majira yote ya baridi, akaugua homa ya mapafu, akafariki, na baadaye ikagundulika kwamba vimelea vilizaliana katika maji yaliyolala kwenye mabomba, naye akavivuta kwa pumzi pamoja na mvuke alipokuwa anaoga. Verna aliacha maziwa, akahamia maabara ya kupima maji ya majengo, na hadi alipostaafu mwaka 2016 alizunguka hospitali, shule na nyumba za wazee na chupa zake, akiwasumbua mameneja, akiwasumbua mafundi, na kusema kweli akitusumbua na sisi.

Tarehe 20 Novemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, na mwezi Machi daktari alipomwambia kwamba dawa zimeshindwa, hakuuliza amebakiza muda gani, aliuliza ndugu watakaokuja kumzika watalala wapi. Tukamjibu, katika nyumba ya wageni ya kanisa, ambayo haijafunguliwa tangu Oktoba, na kuanzia hapo hatukupata raha.

Shemeji Wendell alitumwa kule na chupa akalete maji ya kupima, naye, kama mwenyeji yeyote wa huku anayempa mgeni maji, akayaacha kwanza yatiririke mpaka yakatakata, ndipo akakinga. Verna aliinua chupa dirishani, akaona maji meupe pe, akamkazia macho.

"Wendell, umeyaachia kwanza!"

"Sasa nikuletee machafu, mama Karin?"

"Hayohayo machafu ndiyo ninayoyataka! Karibu miaka hamsini unaishi na mimi, hata kukinga maji hujajifunza?"

Ikabidi mabomba yaachwe yatulie tena, na tarehe 28 Machi Wendell akakinga maji ya mwanzo kabisa, yenye rangi ya chai, akayapeleka maabara. Vimelea hivyo huota polepole, simu ikilia Verna anashtuka, na Jumamosi tarehe 6 Aprili 2024 alifariki nyumbani kwake jibu likiwa bado, jambo ambalo limetuuma sana.

Jibu lilikuja Jumatatu: vimelea vimejaa. Ndiyo sababu wengi wenu mmelala kwenye makochi ya watu, akiwemo Britta, binti pekee wa Elina, ambaye tulikuwa tumempangia chumba cha kwanza kule, chenye bafu lake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia mgonjwa aliyekuwa akikagua mabomba ya wodi, majirani wenye makochi, na wenzake wa maabara waliopima maji yale huku wakilia.

Dada, hakuna aliyeugua. Mabomba tutayafungulia sisi. Wewe kaa sasa, upumzike kwa amani.