Kaburi Lililochimbwa Kabla ya Baridi

Watumishi wa Mungu, wazee wetu, akina mama mliokesha nasi tangu msiba utupate, majirani wa Oakdale na wa Scandia, familia imenipa mimi, Bonheur, mdogo wake marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu Euphrasie, mke wa shemasi Maombi, nami naomba mnisikilize mpaka mwisho, kwa sababu yapo maneno yanayopita jikoni na kwenye simu zenu kuhusu kaburi lake, na leo nitayajibu hapa mbele ya jeneza, si pembeni.

Dada Euphrasie alizaliwa tarehe 14 Agosti 1971 kijijini Lubondja, Fizi, Kivu ya Kusini, mtoto wa kwanza wa mzee Kasika na mama Donatille, na kwa kuwa mama alikuwa mtu wa kuugua, alianza kubeba wadogo zake mgongoni kabla hajajua kusoma. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Lubondja kuanzia mwaka 1978 hadi 1984, akaendelea na sekondari ya misheni, akaishia mwaka wa tatu mama alipofariki, akarudi nyumbani kutulea, hivyo kila mmoja wetu aliyekaa darasani alikaa kwa sababu yeye alisimama.

Tarehe 17 Julai 1993 alifunga ndoa takatifu na ndugu Maombi, mkulima na mwimbaji wa sauti ya tatu, mtu ambaye dada alipenda kumtania kwamba anaimba vizuri kuliko anavyopalilia. Mungu aliwajalia watoto watatu, Samweli, Gentille na Merveille, na mkubwa wao, Samweli, alifariki kwa homa mwaka 1996 tukiwa njiani kukimbia vita, akazikwa kando ya barabara akiwa na umri wa miaka miwili, mahali ambapo leo hakuna hata mmoja wetu anayeweza kupaonyesha. Katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania, walikaa kuanzia Desemba 1996, dada akifanya kazi ya mhudumu wa afya, na huko pia walimzika mama mkwe wake, wakaliacha kaburi lake siku walipopanda basi la kuondoka.

Walifika Minnesota tarehe 12 Oktoba 2016, wakapanga nyumba Oakdale, shemeji akifunga maboksi katika ghala moja huko Eagan, dada akifua mashuka katika nyumba ya kutunzia wazee Saint Paul, kazi aliyoifanya mpaka wiki aliyougua. Mwaka 2020 walihamia shambani Scandia, ekari tano, nyumba ya mbao, banda la mbuzi na kisima, na aliyewauzia, mzee Duane, ambaye amekaa pale nyuma kwenye safu ya mwisho, anaishi ng'ambo ya barabara, naye ndiye aliyemfundisha dada kwamba huku mkulima hulima nusu ya mwaka na nusu nyingine hujihami.

Na dada alijihami kweli, ndugu zangu, maana kila Septemba alivuna mahindi na maharagwe, akachemsha mboga za lengalenga na kuzijaza kwenye friza mpaka kifuniko kikagoma kufunga, Oktoba akachagua beberu wa kuchinjwa ili majani yaliyopo yawatoshe watakaobaki, akabandika nailoni madirishani, akatoa maji kwenye mipira ya kumwagilia isije ikapasuka, akapanga marobota ya nyasi kavu kuzunguka ukuta wa nyumba na wa banda, akapasua kuni za mwaloni mwenyewe kwa shoka, na yeyote aliyekwenda kumtembelea msimu huo anajua kwamba hakuketishwa, alipewa glovu. Merveille alizoea kulalamika kwa Kiingereza kwamba weekend yake imekwisha, na mama yake alimjibu kwa Kiswahili kwamba baridi haijui weekend.

Mwezi wa Agosti mwaka huu, 2024, shemeji Maombi aligunduliwa kuwa na saratani ya ini, madaktari wakasema bila kuzungusha kwamba huenda asiuone mwaka mpya, naye akaomba jambo moja tu, azikwe shambani kwake, kwa sababu, alisema, amemzika mtoto barabarani na mama kambini, na kote huko hawezi kurudi hata kung'oa magugu, basi yeye alazwe katika ardhi ambayo hakuna atakayemfukuza. Mpima ardhi akaja, kaunti ikakubali, lakini mzee Duane akatuonya kwamba ardhi ikishaganda, sururu itadunda kama juu ya chuma, kwa hiyo kama kaburi la kuchimba kwa mikono ndilo tulitakalo, lichimbwe kabla ya barafu. Hivyo kaburi la mume likaingia katika kazi za kujiandaa na baridi, baada ya kuni, kabla ya nailoni ya dirisha la mwisho, na tarehe 9 Novemba mimi na Merveille tulilichimba, shemeji akitutazama dirishani.

Dada hakulipenda jambo hilo, na sababu yake mnaijua, maana wazee wetu walikataza kaburi kulala wazi bila mtu, na likilazimika kungoja, hutiwa shina la mgomba lisije likadai mtu. Minnesota haina migomba, shemeji ni shemasi na aliyacheka mambo hayo, basi dada akaenda duka la vyakula vya Kiafrika, akanunua kichane cha ndizi za kupika, akakishusha kaburini bila kumwambia mtu, akaweka mbao juu, marobota ya nyasi juu ya mbao, na turubai juu ya yote. Tulilifunua kaburi jana, tukazikuta ndizi zimekuwa ngumu kama mawe, na sasa nawasikia baadhi yenu mkisema kwamba ndizi si mgomba, kwamba kaburi lilikosa mwenyewe likamchukua mkewe, na kwamba lisemwalo lipo.

Lililopo ni hili. Dada yetu alikuwa na presha ya kupanda, aliambiwa mwezi wa Septemba, akaficha vidonge nyuma ya kopo la chumvi, kwa sababu aliona nyumba yenye mgonjwa mmoja inatosha, na wahenga hawakukosea waliposema mficha maradhi kifo humuumbua. Siku mbili kichwa kilimuuma, akajifunga kitambaa, na asubuhi ya Jumatatu tarehe 9 Desemba, hita ya hori la mbuzi ilipokuwa imeungua na maji yameganda, alitoka na shoka kwenda kuvunja barafu, akapiga, akapiga tena, kisha akaanguka. Shemeji alimwona kutoka kitandani, alimwita, alijiburuta sakafuni mpaka mlangoni, hakuweza kuufungua, akampigia simu mzee Duane, naye akaja mbio bila koti, akamfunika dada kwa shati lake mwenyewe. Alifikishwa hospitali Saint Paul akiwa amepatwa na kiharusi, akafariki Jumatano tarehe 11 Desemba 2024, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, ameshikwa mikono yote miwili na watoto wake.

Katika kikao cha familia baadhi ya wazee walitaka lile shimo lifukiwe na dada anunuliwe mahali katika makaburi ya mjini, na Gentille, kwa Kiingereza, akilia, alisema kwamba hataki mama yake aingizwe kwenye shimo la baba, na tulimwelewa. Shemeji akasema kwamba aliyechimbiwa ndiye mwenye kaburi, na mwenye kaburi amempa mkewe, kwamba mwanamke huyu aliandaa kila kitu cha nyumba ile na hakuna alichowahi kujiandalia, na kwamba aliyemwita ni kazi, tena kazi ya kumuuguza yeye Maombi, hivyo mwenye lawama amlaumu yeye, aliache shimo. Gentille akaenda kukaa miguuni pa baba yake, kikao kikaisha.

Tunasema kazi ya Mungu haina makosa, nami nalisema, ila leo nalisema kwa shida. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake wa kufulia waliofika hapa na sare zao, kanisa, na majirani wanaolisha mifugo tukiwa hapa. Shukrani nyingine ni kwa daktari wa shemeji, ambaye juzi aliulizwa na mgonjwa wake swali ambalo hajawahi kulisikia kwake tangu Agosti, kwamba afanye nini ili afike Aprili, maana kaburi la pili haliwezi kuchimbwa sasa, na daktari akamwambia aanze kwa kula, na jana akala.

Dada Euphrasie, pumzika kwa amani mahali alipokuwa apumzike mumeo, naye anasema umngojee, atakuja ardhi ikilainika.