Ngozi Mbichi Kwenye Springi ya Kipkorir

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Mwenye chai ainywe polepole, na wanaopiga kelele hapo nyuma waambiwe wanyamaze kidogo. Leo tunamkumbuka mtu aliyetuomba tusimsifu. Mmenisikia vizuri: aliomba tusimsifu. Hiyo ni kazi ngumu kwa kipindi kama hiki, lakini tutajaribu.

Jina lake ni Khisa Murunga. Fundi Khisa, fundi wa magari. Alifariki Alhamisi iliyopita nyumbani kwake Munyaka, hapa Eldoret, akiwa na miaka themanini. Siku tatu kabla ya kufariki alimwita binti yake Nasambu, akamwambia maneno ambayo hata mkewe, marehemu Mama Nanyama, hakuwahi kuyasikia. Kisha akasema, "Nikienda, peleka haya redioni. Watu wakisema Fundi Khisa alikuwa mtu mzuri, wasikie na hii pia."

Khisa aliingia mjini mwaka wa 1934, akitokea upande wa Kimilili, akiwa na shati moja na kiburi cha mashati kumi. Siku hizo wengi waliuita mji huu Sisibo. Alipata kazi ya kuosha vyuma katika gereji ya Mzungu mmoja ambaye wafanyakazi walimpa jina la Bwana Kofia, maana hakuna aliyewahi kuziona nywele zake. Ilipofika mwaka wa 1951, Khisa ndiye aliyekuwa fundi mkuu pale. Bwana Kofia bado alimwita boi, na jamaa ana watoto wanne!

Lakini kazi, jamani, aliijua. Gari likivuja maji, wengine walikuwa wanabahatisha: wanabadilisha paipu hii, wanafungua rejeta ile. Khisa hakubahatisha. Alikausha injini yote kwa kitambaa, akapuliza jivu la jikoni kila mahali, halafu akawasha gari na kuchuchumaa. Pale jivu lilipolowa kwanza, hapo ndipo palipovuja. Na gari likilia chini, alichukua kijiti kikavu, ncha moja kwenye chuma, ncha nyingine sikioni, huku wanaume wawili wakiliruka-rukia lile gari kwa mbele. "Kwi ni ukavu," alikuwa akisema, "weka grisi uende. Tok ni ufa. Ukisikia tok, usiende."

Basi, mwezi wa Juni 1951, dereva mmoja anaitwa Kipkorir akaleta pikapu gerejini. Kipkorir alikuwa mtu wa Kaptagat, mcheshi, rafiki mkubwa wa Khisa. Kila asubuhi alikuwa akileta makopo ya maziwa mjini kutoka shamba la mwajiri wake. Pikapu yenyewe ilikuwa ya kabla ya vita, rangi imebaki kwenye milango tu.

"Fundi, hii gari imenichosha," Kipkorir akasema. "Inakunywa maji kuliko ng'ombe, na huku mbele inalia."

"Inalia wapi?"

"Kushoto. Nikipita shimo, tok. Nikikata kona, tok."

"Una hakika si kwi?"

"Kwi naijua, Fundi. Hii ni tok."

Khisa akapuliza jivu. Jivu likalowa kwenye paipu ya chini ya rejeta, upande wa kushoto. Akaweka kijiti sikioni. Tok. Akakwangua matope kwenye springi ya mbele, na hapo akauona ufa, umekata jani kubwa, lile bamba refu la chuma, karibu lote. Magonjwa mawili, na yote akayapata kabla ya saa nne asubuhi. Tungeishia hapo, leo tungekuwa tunasifu tu.

Springi mpya ingekuja kwa treni kutoka Nairobi siku ya Ijumaa. Siku gari lilipoletwa ilikuwa Jumatatu. Bwana Kofia akasema maziwa hayangojei treni. "Funga kwa ngozi," akaamuru. "Na usimwambie dereva. Akijua, atakataa kuendesha."

Labda kijana wa leo anashangaa: ngozi kwenye gari? Ndiyo, ngozi. Makaburu waliofika nyanda hizi na magari ya kukokotwa na ng'ombe walikuwa na ujuzi huo. Chuma kikivunjika njiani, unakata ukanda wa ngozi mbichi ya ng'ombe, unaulowesha, unauzungushia kwa nguvu, unauacha juani. Ukikauka unajikaza, huwezi kuufungua hata kwa nyundo. Mafundi wa Sisibo walijifunza kwao, na Khisa aliwapita wote. Alifunga springi ile ikapendeza. Kutwa nzima ya Jumanne ikakaa juani. Jioni akaisikiliza tena kwa kijiti, ikawa kimya.

Ile paipu nayo aliikaza kwa waya. Ikabaki kutoa tone moja moja. Khisa akachuchumaa kuangalia tone lile linakoangukia. Lilikuwa linaangukia juu ya ngozi.

Nasambu anasema hapo baba yake alimwambia, "Nililiona, mwanangu. Usiseme sikuliona. Niliona tone na nikaona ngozi. Nikajiambia, ni siku tatu tu."

Kila fundi aliyezoea kufunga kwa ngozi alijua kwamba ngozi ni ngumu ikiwa kavu, na ikilowa inarudi kuwa nyama. Khisa alijua hilo vizuri.

Kesho yake asubuhi Kipkorir akaja kuchukua gari. Akauliza, "Naweza kuiamini sasa?"

"Nenda, bwana. Ongeza maji tu kila ukifika mtoni."

Jumatano ikapita salama. Alhamisi, kwenye mteremko wa kutoka Kaptagat, ngozi ikaachia. Springi ikafunguka, gurudumu likageuka lenyewe kushoto, pikapu ikaingia mtaroni na kulala ubavu. Maziwa yakatiririka barabarani. Mguu wa Kipkorir ulivunjika mara mbili.

Khisa alitumwa kwenda kuivuta kwa ng'ombe wanane. Alipofika, Kipkorir alikuwa ameshapelekwa hospitali, na wengine walikuwa wanaokota makopo. Akaingia chini ya gari. Ile ngozi ilikuwa laini kama utumbo. Akatoa kisu, akaikata, akaitupa kichakani. Sasa ilibaki springi iliyovunjika tu, na springi huvunjika gari likianguka. Hakuna aliyeuliza.

Kortini Kipkorir alishtakiwa kwa kuendesha ovyo. Khisa akaitwa kama shahidi. Bwana Kofia alikaa mstari wa mbele, kofia magotini, na kumbe alikuwa na upara! Khisa aliulizwa swali moja tu: gari lilikuwa zima?

"Zima, bwana."

Maneno mawili, wasikilizaji. Kipkorir akafungwa miezi sita na kunyang'anywa leseni.

Miaka mitatu baadaye, Khisa alikata shauri kwenda kusema ukweli. Akatembea hadi Kaptagat na kilo mbili za sukari mkononi. Kipkorir akamlaki akichechemea, akafurahi mno. Mkewe, Jeruto, akawamiminia mursik, maziwa yao ya kugandishwa kwenye kibuyu. Khisa alikuwa ameshafungua mdomo Kipkorir alipomtangulia.

"Fundi, nakushukuru. Wewe ulisema ukweli mbele ya hakimu. Mwingine angenionea huruma adanganye. Ni hii mikono yangu. Pengine nilisinzia, sijui. Nakumbuka nimeshika usukani, halafu basi."

Khisa akanywa mursik. Akaongezewa, akanywa tena. Akasema sukari ni ya watoto, akaaga. Mama Nanyama alimuuliza nyumbani, "Mbona uso hivyo?" Akajibu amechoka na safari.

Baada ya hapo alikuwa mtu mwema kupita kiasi. Alitengeneza gari la kanisa bure, akafundisha mafundi zaidi ya thelathini, wengi wao mnawajua. Lakini hakushiriki Meza ya Bwana. Mkate ulipoanza kupitishwa, alitoka nje, eti anaenda kuangalia gari la mchungaji. "Tulikuwa tunamcheka," Nasambu anasema. "Gari gani hiyo inaharibika kila ibada?"

Na Kipkorir? Hakugusa usukani tena maisha yake yote. Watu walimpa jina la Maziwa. Kipkorir Maziwa. Watoto wake wakawa watoto wa Maziwa. Alifariki miaka miwili iliyopita akiamini kwamba ni yeye aliyeliangusha lile gari. Khisa alihudhuria mazishi, akasimama nyuma kabisa, akarudi nyumbani bila kula.

Jumanne wiki hii, kabla ya kuja hapa studio, Nasambu alikwenda Kaptagat kwanza. Vizuri alivyofanya. Mama Jeruto yu hai bado. Alisikiliza yote, kutoka jivu hadi kisu, bila kumkatiza. Kisha akasema:

"Mume wangu alikuwa akipanda gari kwenda mjini, wakifika juu ya ule mteremko anamwambia dereva asimame. Anashuka. Anateremka kwa miguu, na mguu ule wake, mvua au jua, halafu anapanda tena huko chini. Alisema yeye ni mkosi hapo, asije akaua watu. Miaka yote hiyo, mama. Baba yako angemwambia tu akae ndani ya gari."

Nasambu akalia. Akamuuliza kama anaweza kumsamehe marehemu. Mama Jeruto akasema hilo bado hajalifikiria, na asiharakishwe.

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole kwa Nasambu na jamaa yote ya Fundi Khisa, Munyaka na Kimilili. Tunatoa pole pia kwa Mama Jeruto na jamaa ya Kipkorir, pole iliyochelewa miaka arobaini na moja. Na wewe unayenisikia, kama kuna mtu anayebeba kosa lako akidhani ni lake, zima hii redio sasa hivi uende. Sisi hatutakasirika.

Kabla Nasambu hajaondoka, Mama Jeruto alimpa ombi moja. "Waambie wa redio waseme mara mbili. Wale waliomwita Maziwa wengine siku hizi hawasikii vizuri."

Haya, Mama. Gari halikuwa zima. Kipkorir hakusinzia.

Gari halikuwa zima. Kipkorir hakusinzia.