Kipande Changu cha Doti

Sogea, Shakila, na wewe Mujibu funga mlango ukae, maana nitakalosema sitaweza kulirudia, pumzi yenyewe ni ya kuombaomba.

Nyumba hii ya Newala ni ya Shakila, mikorosho ya Tandahimba ni ya Mujibu, msigombane. Lililonikaa kooni ni Sijaona, mama yenu mkubwa, ambaye humu haingii.

Mwaka themanini na nane tulikuwa tuchezwe unyago pamoja, mkeka mmoja, na mama akatununulia doti moja ya kanga, kila mmoja kipande chake cha kutolewa nacho ndani. Lakini nami nilichaguliwa na mkoa kwenda Dar es Salaam kushindana jimnastiki ya utepe, na utepe sikuwa nao. Nikakichana kipande changu, nikakiunga, nikakirusha hewani nimevaa nguo ya kubana ya mitumba, nikapata medali. Zilibaki siku nne tuingizwe ndani. Mwalimu akasema yapo mashindano mengine, nikabaki. Niliporudi nikasema gari lilikwama Rufiji kwa mvua, na nani asingeamini, barabara ile? Njia ya mwongo ni fupi, wanangu, ila yangu imefika miaka thelathini na sita.

Sijaona alitolewa peke yake. Watu wakasema ana nuksi, mwenzake kakwama kwa ajili yake, akakaa miaka hajaposwa.

Mimi nikashindana mpaka magoti yakakataa, kisha kanda za video zilipojaa madukani nikaingia kwenye maigizo, kwa kuwa nilijua kuanguka bila kuumia. Wakanipa niigize kungwi, mimi nisiyechezwa! Kariakoo walinijua wote. Hapa ngoma ikilia nakaa nje ya uzio na watoto, na vibinti vinaniita Somoe, jina la utotoni, maana jipya hupewa aliyechezwa. Siku yako, Shakila, nilisikia vigelegele tu. Niliumia sana.

Nendeni kwa Sijaona. Mwamkieni kwanza, kisha mwambieni gari lilikuwepo na barabara ilipitika, mimi ndiye sikupanda. Mpeni utepe, uko chini ya godoro. Muulizeni kama ataniosha. Akikataa, msimbembeleze, ana haki yake.

Akija... nipe maji, Mujibu... akija, aniite Somoe. Yeye aniite tu.

Mungu awape mtu wa kukaa naye mkeka mmoja. Nendeni sasa. Mlango... uacheni wazi.